MMed Dar au Mwanza, kwa daktari anayetaka ubobezi wa moyo

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya mkoani Tabora, mwajiriwa wa halmashauri, mwaka wa nne kazini tangu nimalize utarajali. Nimepata nafasi mbili za kusomea MMed, yaani shahada ya uzamili ya ubingwa, ya magonjwa ya ndani: moja MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, nyingine CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki kilicho kwenye hospitali ya Bugando, Mwanza. Lengo langu ni kuwa bingwa bobezi wa moyo. Wenzangu wananiambia asiyesomea Muhimbili aisahau JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mume wangu anafanya kazi Mwanza na tuna mtoto wa miaka miwili. Natakiwa kuthibitisha chuo kimoja hivi karibuni. Nichague kipi, na kwa sasa nianze kuandaa nini?

Jibu: Marahaba, daktari, na hongera kwa nafasi zote mbili. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa roho juu. Kwa ulivyojieleza, mimi ningekwenda Mwanza, mradi majibu ya maswali nitakayokupa hapa chini yasiwe mabaya. Na hata ungekuwa huna mtu Mwanza, nisingekusukuma Dar bila kukuuliza kwanza unakwenda kutafuta nini.

Hilo la wenzako tulimalize mapema. Njia ya ubobezi wa moyo hapa nchini inapita MUHAS kwenyewe, katika MSc ya moyo ya miaka miwili, na mafunzo kwa sehemu kubwa yanafanyika JKCI, ndani ya eneo la Muhimbili pale Upanga. Anayeomba anatakiwa awe na MMed ya magonjwa ya ndani au ya watoto kutoka chuo kinachotambulika. Anayetoka Mwanza, Moshi au Dodoma anaingia kwa mlango huohuo. Maana yake ni kwamba ukienda Bugando sasa, Dar utaishi baadaye hata hivyo, na utakuwa umefundishwa na watu wa aina mbili badala ya moja.

Lakini maneno ya wenzako hayakutoka hewani. Aliyesoma Muhimbili anajulikana. Walimu wamemwona kwenye raundi saa moja na nusu asubuhi, wamemwona akizidiwa usiku, wanajua kama ni mtu wa kujificha au wa kubeba. Siku akiomba, kuna mtu atasema "huyu namfahamu". Hiyo ni faida ya kweli na sitaki kuipunguza. Ninachosema ni kwamba haipatikani Upanga tu. JKCI inakwenda mikoani kwa huduma za tiba mkoba, na wanapofika huwa wanafanya kazi bega kwa bega na madaktari wa hospitali husika. Rezidenti, yaani daktari aliye kwenye masomo ya ubingwa, anayejitokeza, aliyewapanga wagonjwa vizuri, mwenye faili zilizokamilika na swali moja la maana, anakumbukwa. Halafu kuna njia ya kawaida kabisa: unaomba kupitia idara yako wiki chache za kujifunza JKCI ukiwa mwaka wa pili au wa tatu. Barua ya mkuu wa idara, ratiba isiyogongana na mzunguko wako, basi.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nielekee Mwanza, ambalo waombaji wengi hawalifikirii kabisa. Ni foleni.

Kwenye kituo kikubwa chenye wanafunzi wa ubobezi, mgonjwa mmoja wa moyo anazungukwa na watu wengi wanaotaka kujifunza kutoka kwake. Kuna bingwa bobezi, kuna wanaosomea ubobezi, kuna marezidenti wa MMed, kuna watarajali, na nyuma kabisa wanafunzi wa shahada ya kwanza wakichungulia. Kishikio cha mashine ya eko, ile inayoonesha moyo kwa mawimbi ya sauti, kinashikwa kwa mpangilio huo, na ni haki yao, maana anayesomea ubobezi amekuja kwa kazi hiyo. Rezidenti wa MMed anajikuta anaandika fomu za maombi, anafuatilia majibu, anawasilisha historia ya mgonjwa. Ni elimu nzuri, tena ataona magonjwa adimu na vifaa ambavyo kwingine atavisoma tu: mtambo wa katheta, wa kupitisha mrija kwenye mishipa hadi moyoni, ukifanya kazi kila siku, betri za moyo zikiwekwa, vali zikitanuliwa. Lakini kuona siyo kushika.

Kwenye hospitali ya kanda isiyo na msongamano wa wanaosomea ubobezi, mambo hugeuka. Ukimpata bingwa wa moyo mmoja mwenye subira, mkono wako ndio wa pili. Atakuambia umlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, mkono wake wa kushoto uwe chini ya kichwa, uweke kishikio pembeni kushoto mwa kidari kwenye nafasi ya tatu au ya nne ya mbavu, alama ielekee bega la kulia. Utazunguka kidogo, utabonyeza, utapoteza picha, mapafu yatakuziba, mgonjwa ataguna. Halafu ghafla chumba cha kushoto kitafunguka mbele yako kwa urefu na vali mbili zikipiga. Binti wa miaka 19 kutoka Sengerema aliyeletwa kwa kubanwa na pumzi akiwa na mimba ya miezi sita, utaliona jani la mbele la vali yake ya maitro limepinda kama fimbo ya mpira wa magongo, na hutahitaji mtu akuambie kwamba ni vali iliyobanwa na rumatiki, ugonjwa unaoacha makovu kwenye vali za moyo. Ukifanya hivyo kila wiki kwa miaka mitatu, unaingia kwenye ubobezi ukiwa umeshavuka hatua ambayo wenzako watakuwa wanaianza.

Nimesema "ukimpata". Hapo ndipo penye kazi yako ya wiki hii.

Usimpigie mkuu wa idara kwanza. Atakujibu kwa upole na atakupa mtaala. Mtafute rezidenti wa mwaka wa pili, wa mwaka wa pili hasa, maana wa kwanza bado amechanganyikiwa na wa tatu ana tasnifu na hataki kusumbuliwa. Muulize bingwa wa moyo ni mwajiriwa wa kudumu pale au ni wa kuja na kuondoka. Muulize mzunguko wa moyo ni wa wiki ngapi na kama kuna nafasi ya kuurudia. Muulize usiku wa manane, ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ya mtu mwenye maumivu ya kifua inasomwa na nani: rezidenti anasoma na kuamua, au anapiga picha na kutuma kwa simu akisubiri kuambiwa? Muulize mashine ya eko ikiharibika huwa inakaa muda gani bila kutengenezwa. Hili la mwisho linaonekana dogo, ila linakuambia uongozi wa hospitali unaichukuliaje idara hiyo.

Muulize pia waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita wako wapi sasa. Huo ndio ushahidi ambao hakuna kipeperushi kinachoweza kuupamba. Kama kati yao wapo walioingia kwenye ubobezi wa aina yoyote, figo, ini, damu, moyo, basi idara hiyo inajua kuandika barua na kumsukuma mtu. Kama wote wamesambaa na hakuna anayejua habari zao, nawe utasambaa hivyohivyo.

Na muulize wangapi wamechelewa kumaliza kwa sababu ya tasnifu. Usishangae jibu.

Kuna kitu kingine nataka ukielewe kabla hujaanza kujiita mtu wa moyo. Nimekaa na marezidenti wa kutosha kujua aina hii: tangu wiki ya kwanza ameshajitangaza, simu yake imejaa video za eko, na akipangiwa wadi ya damu au kitengo cha kusafisha damu anatafuta wa kubadilishana naye. Huyo anajikosesha. Wagonjwa wetu wa moyo hawafanani na wale wa vitabu vya Ulaya. Utafiti uliofanyika Muhimbili ukiongozwa na Abel Makubi, ukachapishwa 2014, uliwafuatilia wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa shinikizo la juu la damu, asilimia 45; ugonjwa wa msuli wa moyo ulifuata, kisha rumatiki. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba, ule unaotawala mikutano ya kimataifa, haukufika hata mmoja kati ya kumi. Na timu hiyohiyo ilionesha jinsi upungufu wa damu na wa madini ya chuma unavyowaandama wagonjwa hawa na kuwazidishia hatari.

Angalia basi unachohitaji ili kumtibu mtu wa namna hiyo. Unahitaji kujua figo, kwa sababu shinikizo limeshaziharibu na kila dawa utakayompa inapita huko. Unahitaji kujua damu. Unahitaji kujua kifua kikuu, maana maji yaliyojaa kwenye utando wa moyo kwa kijana wa Kitanzania yatakufanya uwaze TB kabla ya kitu kingine, na VVU mara moja baada yake. Unahitaji kuelewana na daktari wa wajawazito, kwa sababu msuli wa moyo unaolegea mwisho wa ujauzito au baada ya kujifungua utaukuta hadi uzoee. Kwa hiyo chuo kinachokupa magonjwa ya ndani yaliyoshiba, hata kama moyo ni wiki chache tu, kinakuandaa vizuri kuliko kinachokupa moyo mwingi na mengine ya kupapasa. Bugando inahudumia Kanda ya Ziwa nzima, watu wengi sana. Wagonjwa hawatakuwa tatizo lako, iwe kule au Muhimbili.

Tasnifu. Hapa ndipo watu wenye akili nzuri hukwama mwaka mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mada ichague mapema na iwe ya moyo, lakini iwe ya moyo unaopatikana. Usiniletee pendekezo linalohitaji kipimo cha homoni ya moyo kwa wagonjwa 300 wakati kitendanishi chake kinaagizwa na kinalipiwa kwa dola. Usiniletee vinasaba. Kitu kama hiki kinatosha kabisa: kati ya watu wanaolazwa wadi ya magonjwa ya ndani kwa moyo kushindwa, wangapi wanarudi kulazwa au kufariki ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa, na je, waliondoka na dawa zipi? Unahitaji daftari, simu, fomu nzuri na uvumilivu wa kuwapigia ndugu. Utajifunza mengi kuhusu kwa nini mtu anaacha dawa, na JKCI au popote utakapoomba watakuwa na hamu ya kukusikia ukilieleza.

Kwenye programu ya miaka mitatu, pendekezo liwe limeiva kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Kibali cha maadili huchukua muda, na huwa kinarudishwa na masahihisho angalau mara moja. Mwaka wa pili ni wa kukusanya, wa tatu ni wa kuandika huku ukijiandaa kwa mtihani wa mwisho. Anayeanza kukusanya mwaka wa tatu anaijua adha yake. Msimamizi naye usimchague kwa jina. Profesa mkubwa aliye kwenye ndege kila mwezi atakurudishia rasimu ikiwa imechelewa, wakati mhadhiri kijana anayetaka machapisho ili apande cheo ataisoma usiku huohuo. Ukiweza, wapate wote wawili: mmoja wa kusoma, mwingine wa kukuandikia barua.

Kwa upande huu vyuo vyako vyote viko vizuri. MUHAS ina historia ndefu ya utafiti. CUHAS nayo imefanya kazi miaka mingi na Weill Cornell ya New York, kiasi kwamba chuo kiliwahi kubeba jina la Weill Bugando, na watafiti wa huko wamechapisha sana kuhusu shinikizo la damu, figo na VVU. Ukiingia Mwanza, ulizia mapema nani anaendesha kundi la wagonjwa wa shinikizo linalofuatiliwa kwa muda mrefu. Kujishikiza kwenye kazi inayoendelea ni rahisi kuliko kuanzisha yako.

Sasa mwajiri. Hukuuliza, ila ndiyo sehemu inayoweza kukuvurugia kila kitu.

Wewe ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa ziko Wizara ya Afya. JKCI, Muhimbili na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kila moja ina utaratibu wake wa ajira. Ukimaliza MMed, kwa karatasi unarudi kwa aliyekupa ruhusa, yaani hospitali yako ya wilaya, ambako pengine hakuna eko wala nafasi ya bingwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Nimeona mabingwa waliomaliza vizuri wakarudi kuandika dawa za malaria kwenye chumba cha wagonjwa wa nje huku wakisubiri uhamisho. Hilo halifungi njia ya ubobezi, lakini linakula miaka na mkono unapoa.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, ulizia mambo haya na upate maandishi: ruhusa ya masomo imekubaliwa kwa kipindi chote au kwa mwaka mmoja mmoja, mkataba wa kurudi kutumikia ni wa miaka mingapi na unamfunga nani, na utabadilishiwa muundo wa utumishi, uhesabiwe bingwa, lini ukimaliza. Kama kuna ufadhili wa Serikali, ule wa Wizara au mpango wa ubingwa na ubobezi unaobeba jina la Rais Samia, soma masharti ya kituo cha kazi baada ya masomo kabla ya kusherehekea ada. Mara nyingi ufadhili unaangalia pengo la eneo fulani. Hiyo inaweza kuwa nafuu kwako. Kanda ya Magharibi, mabingwa wa moyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Mtu anayesema "nataka kwenda kuhudumia hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, na hii hapa barua ya mganga mfawidhi kwamba wananihitaji" ana hoja nzito kuliko anayesema anapenda moyo tangu akiwa mdogo.

Hili la barua lina mfano mkubwa. Shirika la Save a Child's Heart, lililo kwenye hospitali ya Wolfson huko Holon, Israel, limefundisha watu wa moyo wa watoto kutoka Tanzania kwa miaka mingi, na halikumfundisha daktari peke yake: kuna mpasuaji, wa usingizi, wauguzi, anayeendesha mashine ya moyo na mapafu. Mkufunzi makini anajua bobezi mmoja akirudi mahali pasipo na timu wala vifaa, fedha imepotea. Ndiyo maana kila atakayekusaili atauliza, kwa maneno haya au mengine, unarudi wapi na kuna nini huko.

Ushauri wangu mwingine watu hawaupendi. Ukimaliza MMed, usikimbilie ubobezi mwezi unaofuata. Fanya kazi kama bingwa mwaka mmoja au miwili, mahali ambapo hakuna mtu wa juu yako wa kumpigia saa nane usiku. Unakomaa kwa namna ambayo darasa haliwezi kukupa, na unajua hasa ni ujuzi gani unaokupungukia. Kenya wameliweka jambo hili kwenye kanuni: baada ya MMed, baraza lao linataka miaka miwili ya kazi chini ya usimamizi kabla hujatambuliwa kuwa bingwa.

Kuhusu njia nyingine nitapita haraka. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kina mafunzo ya ubobezi wa moyo. Aga Khan Nairobi wanayo, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago wanayo. Kote huko MMed ya Mwanza inaweza kukufikisha. Kuna pia ECSACOP, chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, ambako unasoma ukiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa. Madaktari wa upasuaji wanaufahamu mtindo huu kupitia COSECSA, chuo chao cha ukanda huohuo, kilichoanzishwa 1999. Popote utakapokwenda, hakikisha kwanza Baraza la Madaktari la Tanganyika linaitambua sifa hiyo, kwa barua, siyo kwa kuambiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp. Kama una ndoto ya Marekani, ujue kwamba MMed haitakupunguzia njia: wanakuanzisha upya, mitihani ya leseni ya USMLE, cheti cha ECFMG cha waliosomea udaktari nje ya Marekani, miaka mitatu ya magonjwa ya ndani, kisha mitatu mingine ya moyo. Mwenye nia hiyo aanze nayo moja kwa moja, asipoteze miaka ya MMed.

Lipo swali ambalo lazima ulijibu wewe mwenyewe kabla ya kuthibitisha chochote, kwa sababu ni zito kuliko Mwanza au Dar. Unaposema moyo, unamwona nani? Ukimwona mzee mwenye miguu iliyovimba na shinikizo la miaka 15, uko kwenye mlango sahihi. Ukimwona mtoto wa miezi minne anayebadilika rangi akinyonya, mlango wako ni MMed ya watoto, na ukishamaliza magonjwa ya ndani hutarudi nyuma kwa urahisi. Kwa upande wa watoto kuna hata fursa za Cape Town, kwenye mpango wa mafunzo ya ubobezi wa watoto kwa Waafrika unaofanyika Hospitali ya Watoto ya Red Cross, nao wanachukua mtu aliyetumwa na taasisi yake na atakayerudi. Na kama unachokitamani ni kufungua kifua, basi ni upasuaji. Rumatiki ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu inaanza utotoni na kuishia kwetu wa watu wazima. Nimeona rezidenti mzuri wa magonjwa ya ndani akigundua mwaka wa pili kwamba alichokipenda siku zote kilikuwa watoto. Fikiria wagonjwa wa moyo uliowaona hapo wilayani: ni yupi ulirudi kumwangalia hata zamu ikiwa imeisha?

Na uache nafasi ya kubadilika. Miaka mitatu ni mingi. Figo zinaweza kukuvuta. Tangu Muhimbili ifanye upandikizaji wake wa kwanza wa figo hapa nchini mwaka 2017 na Benjamin Mkapa ikafuata mwaka uliofuata, kazi imekuwa tamu kwa wanaoipenda. Chuo kinachofundisha magonjwa ya ndani kwa upana kitakuacha uamue ukiwa umeshaona.

Familia yako nimeiweka kwenye hesabu tangu sentensi ya kwanza, na wala sitaomba radhi kwa hilo. Zamu za usiku za rezidenti ni nyingi, mwaka wa kwanza hasa. Mtoto wa miaka miwili akipata homa saa tisa usiku wewe ukiwa wadini, kuwa na baba yake nyumba moja au kuwa naye Mwanza nawe Dar ni vitu viwili tofauti kabisa, na hilo litaonekana kwenye usomaji wako. Miaka miwili ya ubobezi itakuja mtoto akiwa ameanza shule, na hapo mtapanga upya.

Ulichouliza mwisho, cha kuanza nacho sasa. Hospitali yako bila shaka ina mashine ya ECG, hata kama karatasi zake huisha. Soma moja kila siku ya kazi, uandike tafsiri yako kabla ya kuangalia ile inayochapwa na mashine, maana mashine hudanganya. Weka nakala zisizo na majina ya wagonjwa. Anzisha au fufua kliniki ya shinikizo la damu siku moja kwa wiki na uitunzie rejista safi. Inaweza kukupa hata wazo la tasnifu. Tiba mkoba ikifika mkoani, omba kutumwa. Soma figo na damu, siyo moyo peke yake.

Ila kabla ya yote hayo nenda kwa afisa utumishi kesho asubuhi, ukiwa na barua zote mbili za udahili na picha za cheti cha kuthibitishwa kazini. Chuo utakithibitisha kwa siku moja. Ruhusa ya masomo inapita mezani kwa watu wengi, na mmoja wao kila mara huwa yuko safarini.